Mkia wa Kondoo

Idi Kubwa hii kondoo wetu alikuwa wa Kisomali: mwili mweupe, kichwa cheusi, na lile limkia lake la mafuta. Tulimchinja uani, hapa Likoni. Khala akalishika, akalipima kwa mkono. "Mashaallah, shahamu yote hii!" Halafu akanigeukia mimi na hamri langu la kwanza. "Na wewe mwanangu, si upunguze kidogo?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nimezoea. Dadangu, tuliyenyonya ziwa moja, ndiye hufagia sinia wenzake wakishanawa mikono, na bado sketi zinampwaya. Mimi mwaka jana niliacha chapati, nikawa natembea mpaka feri badala ya kupanda matatu. Kilo sita zikatoka. Zikarudi saba. Ambacho hakuna anayeniuliza ni ile njaa: njaa ya kuamka saa nane usiku nikiwaza wali.

Usiku ule nikaingia kwenye simu kusoma kuhusu kondoo, ati si kuhusu mimi. Mkia ule ni akiba ya ukame, na wanasayansi wanauhusisha na jeni kama PDGFD. Hakuna anayemwambia kondoo apunguze. Kutoka kwa kondoo nikafika kwa panya. Mwaka 1994, kule New York, Jeffrey Friedman na wenzake waligundua jeni ya leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe kuuambia ubongo: akiba ipo, tulia. Panya asiyekuwa nayo hula kama anakufa njaa. Mwaka 1997, Uingereza, wakatambuliwa watoto wawili, binamu, wenye upungufu huohuo. Baadaye walipodungwa leptini, hamu ya kula ikashuka. Hata mbwa! Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walikuta Labrador wengi wana jeni ya POMC iliyopotea kipande, na hao ndio huomba chakula zaidi.

Yangu najua si hiyo. Kwa wengi wetu ni jeni nyingi mno, kila moja inasukuma kidogo, na viazi karai navyo vina lao.

Asubuhi nikamuuliza Khala, kwani nyanya alikuwa na mwili gani?

Akanyamaza, kisu mkononi.

"Kama wako." Kisha, polepole: "Wala hakuwa mlaji. Uji tu, na kahawa."

Akakata kipande cha mkia, akakitia kwenye sahani yangu.