Kofia ya Jua

Wajerumani huliita ua hili kofia ya jua. Wataalamu wamelipa jina ekinasea, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kalunguyeye, kwa ajili ya kitovu chake chenye miiba. Na aliyewahi kukigusa atakiri kuwa Wayunani hawakukosea. Asili yake ni mbuga za Marekani. Mbegu zilifika Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ndani ya barua ya binti aishiye Hamburg, na mama yake, mjane, akazipokea kama apokeaye mjukuu.

Mwaka wa kwanza masika yaliiozesha miche yote. Ardhi ya Kyela huupenda mpunga, ilhali mzizi wa ekinasea hauvumilii kukaa majini. Mwaka wa pili mama akanunua chungu cha Wakisi, kilicholetwa kwa mtumbwi kutoka Ikombe, akakitoboa kitako. Jirani akasikitika, chungu kizima hakitobolewi. Akakijaza mchanga wa ufukweni na samadi kidogo. Mche ukashika, majani yakatanda, mapana, yenye kukwaruza. Ua halikutoka.

Akakihamishia chungu juani, kisha kando ya mgomba, kisha juani tena. Akaulaumu mkono wake. Jirani akamshauri aung'oe mmea huo apande mkakao, ambao walau hulipa ada ya shule. Hakubisha, aliendelea kumwagilia.

Binti alipouliza kwa simu, mama alijibu, "Limechanua, mwanangu. La zambarau, kama la huko kwenu." Binti akaomba picha. Mama akasema simu yake haina kamera, na hilo lilikuwa kweli.

Ni bwana shamba mmoja aliyemfumbulia. Mmea huu huhesabu urefu wa mchana. Hamburg, mwezi Juni, mchana huwa wa saa 17. Matema, hata Desemba, haufiki saa 13. Jua la Nyasa ni kali, lakini ni fupi, na mmea umekuwa ukingoja kiangazi kisichokuja. Hata hivyo, alisema, taa yaweza kuurefusha mchana.

Nyumbani mna taa moja tu, ya sola. Tangu binti alipoahidi kuja mwisho wa mwaka, taa hiyo huning'inia juu ya chungu barazani kila jioni hadi saa nne usiku, na mama hula chakula chake gizani.