Siku Kumi za Pole

Mbwa wangu anaitwa Pole. Jina nilimpa pale Kabuta, kando ya ziwa Mweru, bila kufikiri sana, kwa sababu alikuwa mpole. Shida niliiona baadaye. Nikimwita mbele ya wenzetu wa Kongo, lazima mtu mmoja ataitika, "Aksanti, mama." Nikimwita mbele ya watu wa Kabuta, watoto wanadhani nawasalimu, maana salamu yao ya Kibemba ni "Mwapoleni". Basi mbwa amekua akiona kwamba akiitwa yeye, wanaitika watu. Yeye anakuja tu, taratibu, kama mzee anayetoka kanisani.

Kabuta mimi ni mpita njia. Makao yangu ni Mantapala, tulikoletwa mwaka 2018 baada ya kukaa Kenani. Lakini mimi ni mtoto wa Pweto, nimekulia kwenye maji ya ziwa hili hili, na kazi ninayoijua ni samaki. Kwa hiyo naomba karatasi ya ruhusa, nashuka Kabuta, nanunua chisense, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Nawaanika, wakikauka nafunga magunia, narudi. Siku hizo nalala kwa mama mmoja mwenye uwanja wa kuanikia. Namwita Bamayo, kama kila mtu anavyomwita. Yeye ananiita Mama Kongo.

Pole alizaliwa kwenye uwanja huo. Walikuwa wanne. Mtu ambaye hajawahi kuanika samaki hawezi kuelewa mtoto wa mbwa ni hasara gani pale. Hali samaki wengi, tumbo lake ni dogo, lakini anakanyaga, anatawanya, anakojoa, na mnunuzi akiona hivyo anakwenda kwa mwingine. Ndugu zake Pole walifukuzwa kwa mawe kutwa nzima. Pole alilala kando ya chisense, pua mchangani, inzi wanamzunguka, na hakugusa. Bamayo akasema, "Mama Kongo, chukua huyu. Huyu hana maneno."

Nikamchukua kwa mdomo tu. Mantapala mbwa ni sahani moja zaidi, na sahani zenyewe hazitoshi. Tukakubaliana atakaa Kabuta alinde uwanja, nami kila nikija nitaleta unga.

Kila nilipokuja nilimkuta amekua na hana shida na mtu. Usiku halii. Viatu hali. Kuku wanapita juu ya mkia wake. Wanawake wengine wa uwanjani waliniuliza, "Ulimufundisha namna gani?" Mimi nilicheka ule ucheko wa mtu anayepokea sifa. Ukweli ni kwamba sikumfundisha kitu. Hata chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mtoto wa mbwa anaweza kupewa akiwa na miezi mitatu, sikumtafutia. Nilijiambia chanjo ni ya mbwa wakali.

Wakati huo binamu yangu aliyepelekwa Marekani alikuwa ananitumia sauti kwenye simu. Kule anafanya kazi mahali wanapoosha na kuchunga mbwa za watu. Alinieleza kuna mbwa wa manyoya ya kujikunja, damu ya poodle imechanganywa na ya Labrador, na watu wanawalipia pesa ambayo ingejenga nyumba. Mchanganyo huo ulipata umaarufu Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Bwana mmoja, Wally Conron, alikuwa anatafuta mbwa wa kumwongoza mama kipofu wa Hawaii, ambaye mume wake alikuwa anadhurika na manyoya ya mbwa. Mbwa alipatikana, kazi akaifanya. Lakini baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta, kwa sababu kila mtu alianza kuchanganya mbwa ovyo na kuuza.

"Bantu bananunua juu wameambiwa huyu anazaliwa na akili," binamu akasema. "Halafu hawamufundishe kitu. Akifikisha mwaka moja anavuta kamba, anaangusha bibi muzee, ndiyo wanashangaa."

Nilimjibu kwamba wangu si wa namna hiyo, wangu hata hakununuliwa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, kwa hiyo wiki zile za mwisho kila mtu anakimbizana na gunia lake. Nilikuwa nageuza chisense nikasikia mtoto analia. Mjukuu wa Bamayo, msichana wa miaka sita, alikuwa amejaribu kumnyang'anya Pole kichwa cha samaki. Ni sheria ya bibi yake kwamba mbwa hali samaki uwanjani, na yeye alikuwa anaitekeleza. Pole alimuma mara moja mkononi, akamwachia, akalala tena na kichwa chake cha samaki. Matundu mawili, damu kidogo.

Mtu alileta majivu ya kupaka. Nilikataa. Jambo moja nilikuwa nimelishika kutoka mafunzo ya Mantapala: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Tulimmwagia maji huku nikiangalia saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu sana mtoto akiwa analia na bibi yake amekusimamia kichwani hasemi neno. Nyuma yetu wanaume walikuwa wameshaokota fimbo. Nilisikia mmoja anasema mbwa ya wakimbizi.

Muuguzi ndiye aliyewazuia. Alisema mtoto aanze sindano siku hiyo hiyo, asingoje. Na mbwa asiuawe. Afungwe, aangaliwe siku 10. Mbwa akiwa na ule ugonjwa kwenye mate yake, hamalizi siku hizo bila kuonyesha. Akizimaliza mzima, basi siku aliyouma mate yake yalikuwa safi. Ukimuua na kumtupa, utabaki na hofu tu. Akaeleza tena kwamba kichaa kina sura mbili. Kuna kile ambacho wote tunakijua, mbwa anakimbia na kuuma kila kitu mpaka mti. Na kuna cha kimya. Mbwa anatulia, anajificha gizani, taya linalegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza. "Muangalie kama tabia yake inabadilika," akasema.

Bamayo akauliza swali ambalo mpaka leo naliona lilikuwa swali la haki. "Huyu amekuwa kimya tangu kuzaliwa. Tutajuaje?"

Wote walinigeukia. Mwenye mbwa ni mimi. Anakunywaje maji? Analala wapi mchana? Akiamka anafanya nini kwanza? Nikafungua mdomo na sikuwa na kitu. Aliyejibu ni mtoto, mkono umefungwa bandeji. Anakunywa mara mbili, akasema, asubuhi na jua likienda. Analala chini ya mtumbwi uliovunjika. Akiamka anapiga chafya.

Tulimfunga kwenye mwembe, mbali na njia. Siku ya kwanza na ya pili alikunywa, akapiga chafya. Siku ya tatu hakula. Nilisimama pale na sahani ya ugali, magoti hayana nguvu. Nilikuwa namtazama taya mpaka nikaona linalegea, nikipepesa macho halijalegea. Mtoto akaniambia, "Hapendi kamba. Mutupie." Nikatupa tonge kwa mbali. Akalinyoosha shingo, akalitwaa, likashuka. Bamayo alikuwa nyuma yangu, sikujua. "Amemeza," akasema, akaondoka.

Lakini karatasi yangu ya ruhusa iliisha siku ya nne. Mkimbizi akikutwa nje na karatasi iliyokwisha, mbwa anakuwa jambo dogo. Na huwezi kuhamisha mbwa anayeangaliwa kwenda mahali penye watoto wengine. Ilibidi nimwombe Bamayo.

"Mimi ndiye nilitaka afe," akasema.

"Ndiyo, Bamayo. Kwa hiyo utamwangalia vizuri."

Hakucheka. Pesa ya simu hakuna aliyekuwa nayo, tukapatana atanibipu. Asubuhi, Pole akinywa maji, mlio mmoja. Akiona jambo lolote, milio mitatu, na mimi nitajua cha kufanya. Sikujua ningefanya nini. Mantapala mtandao unashikwa mahali pachache, kwa hiyo kila alfajiri nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu, simu mkononi, watu wakipita na madumu wakinitazama kama mtu anayengoja habari za kifo. Na kweli ndizo nilizokuwa nangoja. Sindano zilikuwa zinaendelea, lakini kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa, na yule mtoto ndiye aliyemlea mbwa wangu wakati mimi napokea sifa.

Siku ya tano mlio mmoja. Ya sita, ya saba, ya nane, mmoja. Siku ya tisa hakuna. Nilikaa kwenye kile kichuguu mpaka jua likawa juu ya kichwa, sikwenda hata kwenye foleni ya unga. Mlio ulikuja saa saba mchana. Betri yake ilikuwa imeisha, aliniambia baadaye, kama kitu kisicho na maana.

Siku ya kumi alinunua muda wa maongezi akapiga kabisa. "Mama Kongo. Imekunywa maji. Nimeifungua." Akanyamaza. "Imeenda moja kwa moja kwenye chisense. Imekula."

Nilirudi Kabuta mwezi wa tatu, uvuvi ulipofunguliwa, na safari hii kabla ya kununua samaki nilitafuta chanjo. Pole alidungwa akiwa amekaa, anatazama ziwa. Mtoto ana alama mbili mkononi, ameshaanza kuzionyesha kwa wenzake. Amemfundisha Pole mchezo wa kubadilishana: anampa tonge la ugali kwanza, ndipo anachukua kichwa cha samaki. Mara nyingi inakubali. Bamayo bado anamfunga kamba watoto wa majirani wakija. Sijamwambia aache.