Balozi, Profesa na kura zetu

Hapa Bilele, mjini Bukoba, mbunge hupimwa kwa barabara na soko. Akileta, ni wetu. Asipoleta, tunasema alikwenda Dodoma kusinzia. Hansard, yale majalada yanayoandika kila neno linalosemwa bungeni, hakuna anayeiulizia. Mimi nimekuwa nikiisoma tangu nistaafu, maana mzee asiye na shamba kubwa lazima atafute la kufanya.

Ukimtafuta humo Balozi Khamis Kagasheki, aliyekuwa mbunge wetu wa Bukoba Mjini kuanzia 2005 hadi 2015, usishangae kuona anajibu kuliko anavyouliza. Alikuwa Naibu Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha Mei 2012 akawa Waziri wa Maliasili na Utalii, na waziri haulizi, anaulizwa. Hapo ndipo wapiga kura tunapojichanganya. Mbunge wetu akiteuliwa tunapiga vigelegele, kumbe mdomo uliokuwa uihoji Serikali kwa niaba yetu umehamia kuitetea.

Na uwaziri wake ulikuwa na madoa. Machi 2013 alitangaza kumega kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, Wamasai wakakataa katakata, na Septemba Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalitengua tangazo hilo. Oktoba ikaja Operesheni Tokomeza, ya kupambana na ujangili. Nia ilieleweka: Selous, iliyokuwa na tembo zaidi ya 100,000 miaka ya 1970, ilikuwa imebakiwa na 13,000 hivi. Vyombo vya dola vikaingia porini na vijijini. Majangili walikamatwa, lakini wananchi nao waliuawa, waliteswa, wakapoteza mifugo, mpaka operesheni ikasitishwa mapema Novemba. Kamati ya Bunge chini ya James Lembeli ikapewa kazi ya kuchunguza.

Taarifa yake ilijadiliwa Ijumaa, 20 Desemba 2013. Ulikuwa msimu wa senene. Tulikuwa barazani tunanyonyoa mabawa, beseni katikati, redio dirishani. Wabunge walikuwa wamepandwa na hasira, hata wa chama chake, wakitaka mawaziri wang'oke. Balozi akasimama, akasema anaachia ngazi. Mikono yote ikasimama, na senene ambao walikuwa hawajanyonyolewa wakapata upenyo wakaruka zao. Baadaye Pinda akatangaza kuwa Rais Kikwete ametengua uteuzi wa mawaziri wengine watatu: Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David Mathayo.

Mama mmoja jirani akauliza, "Kwani yeye ndiye aliyewapiga hao watu?"

Hakuna aliyemjibu. Swali hilo limekaa nami muda mrefu, kwa sababu ndilo tunalouliza kila mahali. Katika chama chetu cha kuzikana masufuria yaliwahi kupotea, makubwa, yale ya kupikia msibani. Mwenyekiti akaja kikaoni akiwa mkali: mtunza stoo si mimi, funguo sikuwa nazo, mnitake nini? Alisema kweli tupu. Akaendelea kuwa mwenyekiti, na tangu siku ile kila kitu kilipopotea kilikuwa hakina mwenyewe. Anayeongoza hujibu hata kwa asilolitenda. Vinginevyo cheo ni kiti cha kukalia tu. Mzee Mwinyi alilijua hilo miaka ya 1970, alipojiuzulu Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Mwaka 1985 akawa Rais.

Desemba iliyofuata kujiuzulu kwa Balozi ikawa zamu ya jirani zetu wa Muleba Kusini. Mbunge wao, Profesa Anna Tibaijuka, aliyewahi kuongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kule Nairobi, alikuwa Waziri wa Ardhi. Sakata la fedha zilizotolewa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow likamkuta: shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira. Alieleza kuwa ni mchango wa shule, akasema hajiuzulu ng'o. Tarehe 22 Desemba 2014 Rais akatangaza kumwondoa. Simwiti mwizi, wala si kazi yangu. Nasema tu kwamba mmoja aliondoka kwa miguu yake na mwingine akaondolewa.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2015. Muleba Kusini wakamrudisha Profesa bungeni. Sisi Bukoba Mjini tukamwangusha Balozi, tukampa kiti Wilfred Lwakatare wa CHADEMA, yule yule aliyekuwa mbunge wetu na kiongozi wa upinzani bungeni kati ya 2000 na 2005 akiwa CUF.

Asije mtu akasema tulimwadhibu Balozi kwa kujiuzulu. Sikusikia mtu akilitaja kwenye kampeni, na hilo ndilo linaloniuma. Tulizungumza soko, stendi, na ule ugomvi wake na meya uliowagawa madiwani. Jambo adimu kuliko yote aliyofanya katika miaka 10 halikuongeza kura wala kupunguza. Na Profesa naye sidhani kama kugoma kulimsaidia. Watu wake walimjua kwa mengine, wakampima kwa hayo. Vijana wanaotaka uongozi wakiniuliza kama kuwajibika kunalipa, huwaambia hapana, kwa mizani yetu hakulipi. Anayefanya hivyo akitarajia shukrani zetu atakufa na kihoro.

Mizani, hata hivyo, ni yetu sisi wapiga kura, na tunaweza kuibadilisha. Hansard zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge, hazilipiwi. Akija mtu kukuomba kura na kujisifu kuwa amewahi kuwa mbunge, mwambie akutajie tarehe ya siku moja tu aliyosema bungeni jambo lililomgharimu yeye mwenyewe. Akikutajia, nenda kaisome. Akishindwa, mpe kahawa, mshukuru kwa kuja, na usimwahidi kitu.