Mizani ya Mwenye Duka

Mpwa wangu, aliyeombwa kutunga shairi la harusi hapa Kasongo, alinisomea alichokiandika, nami nilipomwuliza limesimama kwa mizani ngapi, akacheka: "Mjomba, mizani si ile ya kupimia muchele?" Nilighadhibika, kisha nikatanabahi ya kuwa mimi nami elimu hiyo niliipata mbele ya mizani ya kupimia mchele.

Mwalimu wangu alikuwa mwenye duka, mzaliwa wa Kabambare, mzee wa kanzu iliyokwisha geuka rangi kwa vumbi la mpunga, na duka lake lilinuka mawese, samaki wakavu na mafuta ya taa, harufu ambayo hata leo ikinipitia puani midomo yangu huanza kuhesabu yenyewe. Alikuwa nacho kitabu cha Sheikh Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, kile cha sheria za kutunga mashairi, kilichopigwa chapa 1954, ambacho kilimfikia kwa njia ile ile ya misafara ya kale, kuvuka ziwa na kupita Kabambare. Nilizoea kusema alinifundisha mwaka huo huo. Nimepiga hesabu upya, naona haielekei, basi na iwe 1957, au baadaye, haidhuru.

Jioni, wanunuzi wakiisha kupungua, alikuwa akitia maharagwe katika vitanga viwili, silabi moja haragwe moja: manane ya ukwapi huku, manane ya utao kule, mshororo ukatimia 16, na ubeti wa mishororo minne ukawa 64. Ndipo alipouliza vina: cha kati kimelingana na cha kati mwenziwe, na cha mwisho na cha mwisho? Hapo ulimi wetu ulituaibisha, maana aghalabu ra na la kwetu ni mamoja, naye hakuridhia kamwe viwekwe safu moja. Walakini katika mizani alitutetea: watu wa pwani husema mtu, sisi mutu, wao nchi, sisi inchi, na kila moja ni maharagwe mawili, wala hakuna aliyempunja mwenziwe. Ila "wanasema" ni manne, ilhali "wanasemaka" yetu ni matano, na lile la tano aliliokota akalirudisha guniani.

"Kitanga hakilioni haragwe moja," alisema, "sikio linaliona."

Baadaye yakaja yaliyokuja. Duka likawa ghala, ghala likabaki ukuta, mizani ikauzwa kwa bei ya chuma. Na siku hizi maneno yoyote yanayoishia kwa sauti moja huitwa shairi, hata yakiwa marefu huku na mafupi kule kama ua ulioliwa na mchwa, na watu wakapiga makofi!

Shairi la mpwa wangu tulilihesabu kwa maharagwe ya mama yake. Mshororo wa kwanza ulikuwa na mizani 19, wa pili 13.