Andika Tatu

Mtu mzima anayejifunza kuteleza kwenye barafu hubeba mzigo ambao mtoto hana: anaelewa maelezo. Mtoto wa miaka 6 ukimwambia apinde goti, atapinda au hatapinda, kisha ataendelea na mchezo. Mtu mzima atauliza goti lipi, kwa kiasi gani, kabla ya kugeuza bega au baada yake. Akishajibiwa, anaingia uwanjani na majibu yote kichwani, na mguu unakataa kwenda.

Kwetu Lubumbashi barafu tunaijua ndani ya glasi tu. Lakini masomo yalinipeleka Ubelgiji, mjini Ghent, kwa muhula mmoja, na huko jioni moja ya kila juma kulikuwa na mazoezi ya watu wazima wanaoanza. Tulikuwa wauguzi, mafundi, mzee mmoja aliyestaafu, na mimi mwanafunzi wa lugha za Kiafrika.

Chini ya kiatu cha kutelezea kuna chuma chembamba chenye kingo mbili, wa ndani na wa nje, na kati yake kuna mfereji mdogo. Mtelezaji huegemea ukingo mmoja, na ukingo huo ndio unaomwongoza kwenye mviringo. Zoezi lililotusumbua zaidi linaitwa tatu. Unakwenda mbele kwa mguu mmoja juu ya ukingo wa nje, unageuka, unamalizia kinyumenyume kwa mguu uleule juu ya ukingo wa ndani. Alama inayobaki kwenye barafu inafanana na tarakimu 3, na jina limetoka hapo.

Kocha wetu, mama wa makamo aliyesema nami kwa Kifaransa, alianza kwa kutugawia zoezi vipande vipande: mabega yatangulie, kiuno kifuate, nyosha goti kidogo, peleka uzito mbele, pinda goti tena. Kila neno lilikuwa kweli. Nami nilikuwa nikihesabu vipande hivyo huku nateleza. Nikifika cha tatu, nafasi ya kugeuka imekwisha kupita na niko chini.

Juma la nne aliacha hayo yote. Alininyoshea kidole mahali peupe pasipo na alama akasema: « Andika tatu pale. » Hakutaja goti wala bega. Nilipatazama, nikaandika. Ilikuwa tatu mbovu, tumbo la chini limelizidi la juu mara mbili, lakini ilisomeka.

Mwanafunzi wa isimu hawezi kulipita jambo kama hilo bila kusimama. Mguu ulikuwa uleule na barafu ileile. Kilichobadilika ni yambwa ya kitenzi. Mwanzo nilikuwa nikiambiwa kupinda goti na kuzungusha bega, yaani vitu vilivyo ndani ya mwili wangu. Sasa nimepewa kitu kilicho nje yangu, cha kuandikwa.

Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walichapa mwaka 1998 jaribio linaloonyesha jambo hilohilo. Waliwaweka watu juu ya mashine inayoiga kuteleza kwenye theluji: ubao wenye magurudumu unaokwenda kushoto na kulia juu ya reli. Kundi moja liliambiwa likazie fikira miguu yake. Kundi jingine liliambiwa likazie magurudumu, ambayo yalikuwa chini ya miguu hiyohiyo. Tofauti ilikuwa neno moja tu, na waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu akijaribu kuongoza kila kiungo kwa fikira, anavuruga kazi ambayo mwili unaweza kuifanya wenyewe.

Tuje sasa kwenye kazi yetu. Mtu anayezungumza kwa kawaida hutoa maneno mawili hadi matatu kwa sekunde. Mwanaisimu Willem Levelt, katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya usemi, alieleza kwamba ndani ya kila msemaji kuna mlinzi anayesikiliza maneno na kuyasahihisha, hata kabla hayajatoka. Mlinzi huyo ni wa lazima. Shida huanza anapotoka mlangoni pake na kuja kusimama kinywani.

Huku kwetu tunamjua vizuri. Nina rafiki, mtoto wa Kolwezi, ambaye kwenye ukorido anasimulia hadi watu wanasahau saa ya somo. Anasema bitabu, anasema « niko nasoma », na hakuna anayekosa kumwelewa. Akiingia ukumbini akaambiwa aeleze kwa Kiswahili sanifu, anasimama mbele ya kila nomino: hii ni ngeli gani, kiambishi chake kipi? Mtu akimkatiza kwa sahihisho moja, anahamia Kifaransa na harudi. Watu wanasema hajui Kiswahili. Mimi nasema amepewa goti na bega wakati alipaswa kupewa tatu.

Atakayejibu kwamba bila sarufi hatufiki popote, nitakubaliana naye. Kocha yule asingejua mambo ya goti na bega, asingeweza kuniambia kwa nini tatu yangu ilikuwa na tumbo kubwa: nilikuwa nachelewa kupinda goti baada ya kugeuka. Aliniambia hivyo pembeni ya uwanja, nikiwa nimesimama, na alinipa neno hilo moja tu. Kisha nilirudi kuandika. Kufikiri kuna saa yake, kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Katikati, mtu anahitaji mahali pa kutazama.

Ndiyo maana napendekeza kwa wenzangu wa idara, hasa tunaowasaidia wadogo zetu wa mwaka wa kwanza, tubadilishe zoezi la mazungumzo. Tusimwambie mtu: « Zungumza, na uangalie ngeli. » Tumwambie: « Mweleze huyu jinsi ya kufika sokoni Kenya kutoka hapa », na huyu awe mtu anayetaka kweli kufika. Tumwache amalize. Anayesahihisha aandike kwenye karatasi, kimya, na mwishoni achague sahihisho moja. Bitabu ikiwa ndiyo shida ya juma hili, iwe bitabu peke yake. Mengine yangoje juma lijalo.

Rafiki yangu amekubali kuwa wa kwanza. Ameomba kitu kimoja: kwamba atakayemsikiliza asiwe na kalamu nyekundu.