Paka na Mkesha wa Mwaka Mpya

Miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto Magomeni, paka wa nyumbani kwetu alikuwa mfanyakazi. Kazi yake panya wa stoo, ujira wake vichwa vya dagaa na kona ya kulala karibu na jiko la mkaa lililokwisha poa. Desemba ilipoingia, hakuna aliyeuliza habari zake. Watoto tulikuwa na shughuli zetu: kutafuta tawi la mvinje la kusimamisha sebuleni, kulibandika pamba iwe theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona, na kutengeneza baruti.

Baruti yenyewe ilikuwa ya spoku ya baiskeli. Unaikunja, unakwangua vichwa vya kiberiti ndani ya kile kikofia chake, unashindilia msumari, unaukaza kwa mpira, kisha unaugonga ukutani. Paa! Baada ya hapo unakaa chini kukwangua upya, na kiberiti chenyewe umekiiba jikoni. Kati ya mlio na mlio paka alikuwa na nafasi tele ya kupenya kwenye uwazi wa juu ya ukuta, chini ya bati, akapotelea darini. Kesho yake mchana alishuka akilia njaa, na maisha yakaendelea.

Baadaye fataki za dukani zikazagaa. Mkesha wa Mwaka Mpya ulikuwa tayari na masufuria yanayogongwa, honi na matairi yanayochomwa barabarani, mambo ambayo polisi huyapiga marufuku kila mwaka na kila mwaka tunayasikia. Fataki zikaja na kitu kingine: mlio unaotoka angani, mfululizo, usiojulikana umeelekea wapi. Sikio la binadamu hukomea sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La paka huvuka 60,000. Kile kifilimbi kinachotangulia mlipuko, ambacho sisi hukishangilia, sidhani kama yeye hukisikia kama sisi.

Nyumba nayo ikabadilika, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Dari ikawa ya jipsamu, madirisha ya vioo na nyavu, ukuta ukazunguka uwanja. Paka naye akapata jina, Chausiku, akaacha panya, akahamia kwenye kochi. Tulimpa raha zote, ila njia yake ya kukimbilia tukaiziba. Mwaka wa kwanza wa fataki kubwa alichana wavu wa dirisha akatoka, akaonekana siku ya pili kwenye mtaro wa jirani.

Tangu hapo mama ndiye msimamizi. Kabla jua halijazama, Chausiku huingizwa chumba cha wageni kilicho nyuma, mbali na barabara. Ndani kuna boksi la katoni lililolazwa ubavu na kanga ya mama ambayo haijafuliwa, maana harufu ile anaijua. Kuna karai la mchanga, maji mengi, na feni, kwa kuwa kufunga dirisha Dar es Salaam mwezi wa Desemba ni adhabu. Redio husema taratibu. Wajukuu hutaka kumtoa uvunguni wamkumbatie, mama huwazuia. “Mwacheni, wanangu. Akitaka mtu atakuja mwenyewe.”

Makombo ya pilau nayo yamekoma. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na kitunguu, kibichi au cha kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Nyuzi zinazometameta za kwenye mti zimeondolewa pia: akimeza moja, utumbo hujikunja juu yake na huweza kukatika. Parasetamoli ya mgeni mwenye kichwa kizito haiachwi mezani, kwani kidonge kimoja chaweza kumuua.

Mkesha uliopita baba mdogo alifika na begi lake, akakuta ufunguo wa chumba cha wageni umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama.

“Shemeji, yaani paka ana chumba, mimi nina kochi?”

“Wewe, shemeji, fataki unazinunua mwenyewe,” mama akamjibu, akaenda kumtafutia shuka.