Waja Leo, Waondoka Lini?

Ukisema kwenu Tanga, mtu hakosi kukutania: "Waja leo, waondoka leo!" Mwenzenu utani huo nimeuishi. Tangu niende chuo kusomea mawasiliano, nyumbani narudi kwa harusi na misiba tu, na begi silifungui.

Safari hii ilikuwa nyingine. Mume wangu kapata kazi inayohusu bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Yeye anataka tuhamie, mimi sitaki. Tulinuniana wiki mbili nzima, mwisho tukakubaliana: wikiendi moja, kamera moja, halafu tuamue.

Jumamosi saa moja asubuhi tulivuka reli kutoka Ngamiani, tukaingia mjini. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911. Jua la asubuhi ndilo rafiki wa majengo. Kila nakshi inaonekana. Nikaelekeza lenzi juu: roshani, matao, miaka iliyoandikwa kwenye vipaji vya nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi. Duka chini, familia juu. Huu ulikuwa mji wa mkonge, na miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Bei ilipoanguka, pesa ya kubomoa na kujenga upya nayo ikapungua. Nadhani ndiyo maana nyumba nyingi bado zimesimama.

Tulipopumzika karibu na Maktaba ya Mkoa, mume wangu alizipitia picha moja moja.

"Nzuri. Mbona hazina watu?"

Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo. Kwenye kibaraza cha nyumba mojawapo, baba yangu alishona suti miaka ishirini. Alipofariki, cherehani yake iliondolewa, na mimi nikajizoesha kupita mtaa ule nikiangalia juu.

Nikamsimulia. Akaniambia, "Twende."

Pale pale tulikuta fundi mwingine, mtu mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. We si binti wa Fundi? Unatembea kama yeye." Akasogeza kigoda. "Kaa basi. Au ndo waja leo, waondoka leo?"

Nikakaa. Mume wangu ndiye aliyepiga picha: cherehani, baiskeli zikipita, mimi nikicheka huku machozi yakinitoka, na juu kabisa kipande cha roshani iliyobanduka rangi. Kati ya picha zote za siku ile, hiyo ndiyo niliyoisafisha.

Ushauri wa bure kwa wanandoa: mkigombania mji, msiugombanie sebuleni. Nendeni mkautembee kwa miguu.

Hatujahama bado. Ila Jumapili, kabla ya kupanda basi, mimi ndiye niliyeuliza kodi ya vyumba viwili vya ghorofani ni shilingi ngapi.